Miguu ya Bwana Harusi

Je, mtu aliyeposa anapaswa kumwambia mchumba wake kwamba ana miguu mibaya, au hilo ni katika mambo ambayo mke huyakuta mwenyewe akayavumilia? Swali hili lilininyima usingizi kwa muda mrefu katika miaka ile ya tisini, nilipokuwa nimemaliza chuo kikuu, nimerudi kwetu Mji wa Kale, na nimeposa binti wa mshona kanzu aliyekaa kichochoro cha nyuma ya chetu.

Kwa mtu mwingine swali hilo lingeweza kungoja. Kwangu halikungoja, kwa sababu ya desturi ambayo nyumba nyingi zilikuwa zimeshaiacha lakini nyumbani kwa mchumba wangu waliishikilia kama roho. Bwana harusi akifika kwa bibi harusi haendi moja kwa moja chumbani. Hukalishwa kitini mbele ya mlango, wanawake wa nyumba wamejaa ukumbi mzima, na somo wa bibi harusi, yule mama aliyemfunza mambo ya unyumba, humvua viatu, akamtia miguu kwenye beseni la shaba na kumwosha kwa maji yenye marashi ya waridi. Bwana harusi humtolea zawadi, inayoitwa kiosha miguu, kisha ndipo hupishwa njia.

Zawadi haikunitia wasiwasi. Miguu ndiyo.

Nitaieleza kwa ufupi, maana huenda kuna msomaji ambaye yuko mezani. Baina ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imelowana na kubambuka, na ilikuwa ikiwasha kiasi kwamba nikiwa kazini nilisugua kiatu juu ya kiatu chini ya meza kama panzi. Visigino vilikuwa na magaga yaliyonasa nyuzi za shuka. Na ukucha wa kidole gumba cha kulia ulikuwa mnene, wa manjano, umejipinda pembeni na kuingia nyamani.

Hayo yote niliyaleta kutoka bara. Chuo chetu kilikuwa penye baridi na mvua, nikavaa viatu vya kufunika tangu asubuhi hadi usiku, na bafuni tulikuwa na kandambili zisizo na mwenyewe: aliyewahi ndiye aliyevaa. Wenzangu walitoka pale na shahada. Mimi nilitoka na shahada na fangasi. Kisha nikapata kazi ya ukarani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ambako mkubwa wetu aliamini kwamba hakuna mteja atakayemkabidhi stakabadhi zake mtu anayeonyesha vidole. Nikanunua viatu vyeusi vilivyonibana, kwa kuwa duka lilikuwa na jozi moja tu na mimi naona haya kutoka dukani mikono mitupu. Ndani yake soksi za nailoni. Nje yake jua la Mombasa.

Sasa, mji wetu si mahali pa kuficha miguu. Viatu huachwa mlangoni kila nyumba, na msikitini watu hukaa kwa safu kandokando ya birika, wamekunja kanzu, kila mmoja akiosha nyayo zake huku akiangalia za jirani. Yapo hata yale mawe ya matumbawe ya kusugulia visigino, na wazee wakikaa pale husugua taratibu kama wanaosafisha sufuria. Mtu akiwa na kidonda leo, kesho anaulizwa hali na watu asiowajua.

Ndipo nikakumbuka kwamba dini ina ruhusa: mtu aliyevaa kifuniko cha mguu akiwa tohara anaweza, kwa siku nzima, kupangusa juu yake kwa maji badala ya kuvua na kuosha. Wanavyuoni wetu wa zamani wanasema kifuniko hicho kiwe cha ngozi, kizito. Vijana waliosoma mbali wanasema hata soksi yafaa. Mimi sikuwa na rai katika jambo hilo. Nilikuwa na ukucha. Kila alfajiri nikawa naosha miguu bafuni nyumbani, mlango nimeufunga kwa komeo, kisha haraka haraka, ingali inachuruzika maji, naivisha soksi. Msikitini napangusa juu tu. Nilijiona mjanja sana, na wakati wote huo nilikuwa naipikia fangasi yangu ndani ya chungu kilichofunikwa vizuri.

Sikuwa nimefikiria jambo jingine, mimi ambaye hufikiria kila kitu. Katika mtaa wetu mtu haonekani anapangusa soksi bila watu kujiuliza kama amejiunga na wale vijana waliosoma mbali, wa ndevu ndefu na kanzu fupi, wasiotaka maulidi.

"Yakhe," aliniambia rafiki yangu wa tangu utotoni, tuliyesoma naye Kurani kwa mwalimu mmoja, tukiwa tumekaa barazani kwa muuza kahawa, "twasikia siku hizi huoshi miguu."

"Naosha nyumbani."

"Na msikitini wapangusa."

"Kupangusa kunafaa."

"Kwafaa kwa msafiri aliye jangwani. Jangwa lako wewe li wapi? Hapo kwa muuza samaki?"

Ningeweza kumwambia ukweli, lakini rafiki huyu hakuwahi kuweka siri ikalala kwake. Nikasema neno nililowahi kulisikia kwenye mihadhara ya dini kule chuo kikuu, ambako ushahidi wa aya na hadithi huitwa dalili: "Kila mtu na dalili zake."

Akaweka kikombe chini, akanitazama kwa huzuni, kama mtu anayemsindikiza mwenzake wodini. "Haya. Na ndevu zaja lini?"

Nikaenda nyumbani nikiyarudia maneno yale matano mpaka nikayachukia. Kama ningesema "naumwa", angeuliza wapi. Kama ningesema "sijui", angesema nimepotoshwa. Kama ningenyamaza, kunyamaza nako ni jibu. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimejiandalia majibu mazuri mengi, na baraza ilikuwa imeshaisha.

Haikupita muda mama akaniita jikoni, akafunga mlango, jambo alilofanya tu panapokuwa na msiba au mgeni asiyetakiwa.

"Mwanangu, kwa mchumba wako wameleta maneno."

"Maneno gani, mama?"

"Wauliza kama wewe wapinga maulidi."

Baba wa mchumba wangu husomesha maulidi nyumbani kwake kila mwaka. Matari hulia mpaka mapazia yanatikisika, haluwa hugawanywa hadi kwa wapita njia, na mimi mwenyewe tangu utotoni nimekuwa nikienda, sehemu kwa mapenzi na sehemu kwa haluwa.

"Nipinge maulidi kwa nini?"

"Mimi nitajuaje? Uliyevaa soksi si wewe? Mama yake asema mumewe halali usiku kwa mawazo. Asema hawezi kumtoa binti yake bila kujua anamtoa kwa watu gani." Akanikazia macho. "Una nini, baba? Kama kuna kitu niambie mimi kabla hawajaturudishia posa yetu."

Nikasema hakuna kitu. Nilivyosimama kwa mguu mmoja, sidhani kama aliniamini.

Maana kidole kilikuwa kimevimba. Nilikuwa nimechukua wembe mpya na kuichimba pembe ya ule ukucha, nikiwaza kwamba nikiondoa sehemu inayochoma, kuchoma kutakwisha. Kulikwisha kwa muda mfupi. Kisha kidole kikawa chekundu, kikang'aa, kikaanza kupiga ndani kama saa, na kiatu cheusi hakikukubali kuingia. Niliwaza damu kuingia sumu, niliwaza kukatwa kidole, niliwaza kukatwa mguu, na nilipofika kwenye kukatwa mguu nikajikuta nauliza kama kiosha miguu hutolewa nusu iwapo mguu ni mmoja. Hapo nikaona nimekwenda mbali. Nikaomba ruhusa kazini na kwenda Majengo, ambako hakuna anayenijua, kwenye zahanati ndogo niliyosikia ina muuguzi wa miguu.

Nilikuta foleni ya wazee, wengi wao wana maradhi ya sukari na huja pale kukaguliwa nyayo, kwa kuwa sukari huua hisia za mguu na mtu anaweza kukanyaga msumari asijue mpaka aone damu sakafuni. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu alinitazama akasikitika.

"Yako imekuanza mapema, mjukuu wangu."

"Sina sukari, bibi."

"Ndivyo tunavyosema sote mwanzo."

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye asili ya Kaloleni, amevaa aproni ya plastiki na miwani iliyoning'inia kwa uzi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu wa mgonjwa juu ya paja lake, na vyombo vyake vidogo vimepangwa kwenye trei yenye harufu ya spiriti. Zamu yangu ilipofika nilikaa bila kuvua soksi.

"Dada, nina rafiki yangu," nikaanza, "ana tatizo la ukucha."

Akashika kisigino changu na kunivua soksi kwa mkono mmoja. "Rafiki yako amekuazima mguu."

Wazee waliokuwa nyuma wakacheka. Yeye hakucheka. Aliinamisha taa, akatenganisha vidole vyangu kimoja kimoja kama mtu anayekagua mboga sokoni, akabonyeza, akanusa. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna kazi ambayo mtu hunusa miguu kwa kupenda kwake.

"Nani alikuchimba hapa?"

"Mimi. Kwa wembe."

"Wembe ni wa ndevu. Ukucha unakatwa moja kwa moja, kama ukingo wa meza, na pembe zake unaziacha zitoke nje ya nyama. Ukizichimba, unaacha kipande kama mwiba na kikikua kinaingia ndani." Alikuwa tayari amekiinua kile kipande kwa kichuma chembamba, akakikata, akapachika pamba kidogo chini ya ukucha. Nilikuwa nimeandaa yowe, na sikupata nafasi ya kulitumia. "Na huku baina ya vidole, unakausha na nini?"

"Sikaushi. Navaa soksi."

"Juu ya maji?"

"Juu ya maji."

Akavua miwani akanitazama, kisha akairudisha. "Fangasi inapenda giza, joto na unyevu. Wewe umeipa vyote vitatu, na kodi huitozi. Sikiza. Ukiosha, unakausha baina ya kila kidole kwa kitambaa chako mwenyewe. Soksi za pamba, safi kila siku. Viatu unakuwa na jozi mbili, unavaa kwa zamu ili moja ikauke. Na ukinunua vingine nenda dukani jioni, mguu ukiwa umeshatanuka, usinunue asubuhi ukajisifu. Kandambili za bafuni zisivaliwe na mtu mwingine. Visigino unaviloweka, unasugua polepole, unapaka mafuta ya nazi, lakini mafuta yasiingie vidoleni. Na ukirudi kazini, miguu wazi. Nyumbani wazi, barazani wazi, msikitini wazi."

"Msikitini?"

"Kwani nyinyi hamvui viatu?"

"Tunavua."

"Basi tabu iko wapi?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye na sikumwambia mama yangu. Labda kwa sababu mguu wangu ulikuwa pajani mwake na hapakuwa na heshima iliyobaki ya kulinda. Nilimweleza habari za beseni la shaba, somo, ukumbi uliojaa mashangazi, na nikamuuliza kama miguu itapona kabla ya siku hiyo.

"Vidole na visigino vitapona, ukifuata. Ukucha utachukua karibu mwaka mpaka ukue wote."

"Hakuna dawa ya kuuharakisha?"

"Ya kuharakisha ukucha hapana. Ya kuahirisha harusi ipo, nenda ukazungumze na wakwe."

Akachukua pamba, akaichovya kwenye dawa ya fangasi yenye rangi ya zambarau, akanipaka baina ya vidole vyote kumi kwa ukarimu mkubwa. Nilipotazama chini nilikuwa na miguu ya mtu aliyekanyaga zambarau zilizoanguka chini ya mti wake. Nilimuuliza inatoka lini. Akasema itatoka ikitaka.

Nilitoka zahanati nimevaa kandambili, na mpaka nafika njia ya kuingia Mji wa Kale nilikuwa nimeligeuza jambo lile pande zote. Nikiacha miguu wazi kama nilivyoamriwa, uvumi wa dini utakufa na uvumi wa miguu utazaliwa. Nikivaa soksi, mguu utaoza na posa itarudishwa. Nikisema ni dawa tu ya kidonda, wataniuliza kidonda gani. Nikitia hina juu yake, bwana harusi aliyejipaka hina kabla ya siku yake atasemwa zaidi kuliko mwenye fangasi. Kichochoroni nilisimama nyuma ya mkokoteni wa maji, nikavaa soksi tena. Nilijiambia ni kwa siku hiyo moja.

Nyumbani nikakuta nimeitwa. Baba wa mchumba wangu alinitaka baada ya sala ya alasiri.

Duka lake la ushonaji lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na nyuma ya cherehani palikuwa na pazia zito lililotenga ukumbi wa wanawake. Nilivua viatu mlangoni, nikambusu mkono, nikakaa mkekani na kuficha miguu chini ya mapaja. Ilichoma. Akanimiminia kahawa, akaniuliza hali ya mama, hali ya kazi, hali ya hewa ya ofisini. Nyuma ya pazia kulikuwa na mlio wa vikombe, kisha mlio ukakoma, kwa namna ambayo mlio hukoma watu wanapoanza kusikiliza.

"Kanzu yako ya harusi nishaikata," akasema mzee. "Imebaki pindo. Kuna mtu ameniambia niipandishe juu ya kifundo cha mguu, ati ndivyo utakavyoitaka wewe siku hizi. Nikasema ngoja nimuulize mwenyewe."

"Ndefu, ami," nikasema upesi. "Ndefu kabisa. Ikifika chini ni sawa."

Akashangaa. "Ifike chini?"

"Hata ikiburura kidogo."

Akazungusha kikombe mkononi. Nadhani hakuwa amewahi kukutana na mtu wa soksi mwenye kutaka kanzu ya kuburura.

"Mwanangu, mimi si mtu wa kugombana na soksi," akasema mwishowe, kwa upole ulioniuma kuliko kidole. "Kila mtu ataulizwa ya kwake. Lakini yule ni binti yangu wa pekee. Amekua akisikia maulidi katika nyumba hii, na sitaki aende mahali ambapo yakisomwa kwa jirani atafungiwa dirisha. Nitakuuliza neno moja nawe unijibu, na jibu lolote utakalotoa tutabaki na heshima yetu. Mbona huoshi miguu?"

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa njiani: ilianza na tofauti za wanavyuoni, ikapitia kwa msafiri na mkazi, ikamalizikia kwenye mapenzi yangu kwa maulidi, na ndani yake hamkuwa na mguu hata mmoja. Nikafungua kinywa kuianza. Nikaona vile alivyoshika kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anayesubiri kuambiwa hali ya mgonjwa. Mzee huyu alikuwa hapati usingizi kwa ajili yangu, na mimi sipati usingizi kwa ajili ya ukucha. Hotuba ikanitoka kichwani.

Nikatoa miguu chini ya mapaja, nikaivua soksi ya kulia, kisha ya kushoto, nikaiweka miguu mbele yake juu ya mkeka.

Mzee aliinamisha shingo. Alitazama vidole vya zambarau, akatazama ukucha wenye pamba, akatazama tena vidole.

"Na rangi hii," akauliza, "ni ya madhehebu gani?"

"Ni ya muuguzi wa Majengo, ami. Nina fangasi. Nilikuwa naona haya kuosha mbele za watu. Basi. Maulidi yakisomwa nitakuja mimi na dirisha lenyewe."

Alifumba macho, mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda nilidhani analia. Kisha akachukua upepeo akaelekeza upepo upande wangu, maana harufu nayo ilikuwa imefika. "Funika," akasema. "Nimeamini."

"Muuguzi amekataza kufunika."

"Basi sogea mlangoni."

Nikasogea mlangoni. Pale ningeweza kumaliza, nikashukuru na kwenda zangu, na mzee mwenyewe angeyabeba maneno ndani na kuyasema kwa namna yake. Lakini nikawaza ukumbi ule, beseni lile, na mtu mmoja nyuma ya pazia ambaye angezisikia habari za miguu yangu kutoka kwa kila mtu isipokuwa mimi. Kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima sikuwaza zaidi ya hapo.

"Ami, naomba ruhusa yako niseme neno lisikike ndani."

Akalitazama pazia, akanitazama, akanyanyua kiganja: sema.

Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba mwenye kuniosha siku ya harusi ajue mapema: zambarau itakuwa imetoka, baina ya vidole patakuwa pamepona inshallah, magaga nitayasugua, lakini ukucha wa gumba utakuwa vilevile, mnene na wa manjano, na hautakuwa tayari kabla ya mwaka. Kwamba anayetaka kuahirisha aseme. Na kwamba asiyetaka kabisa aseme pia, sitamlaumu.

Pazia halikutikisika. Nikasikia mtu akizibwa mdomo, kisha mwingine, kisha kicheko cha wanawake wengi kikaporomoka kwa pamoja, kikachukua muda kutulia. Kilipotulia, sauti moja ya msichana, ambayo nilikuwa nimeisikia mara chache tu maishani, ikauliza taratibu:

"Ni mguu gani?"

"Ukucha ni wa kulia," nikamjibu. "Mengine ni ya miguu yote miwili."